Mlango wa nyuma wa wodi una kufuli. Ramani ya dharura ya moto naichoraje?

Sista_Kusini aliandika:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi.

Mimi ni muuguzi kwenye hospitali moja mkoa wa Lindi, jina naliacha. Katibu wa hospitali kaniingiza kwenye kamati ya usalama mahali pa kazi, na kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ni kuchora ramani za njia za dharura ya moto, zitundikwe ukutani kabla wakaguzi hawajafika. Nimepewa karatasi za A3 na kalamu za rangi, basi. Semina hakuna, mwongozo hakuna.

Jengo lenyewe ni la ghorofa moja. Chini kuna OPD (wagonjwa wa nje), maabara, famasi na stoo. Juu kuna wodi ya wanaume upande wa mashariki na ya wanawake upande wa magharibi, korido moja ndefu imezipitia zote mbili. Katikati ya korido kuna mlango wa mbao wa mabawa mawili, lakini huo siku zote uko wazi, umewekewa tofali. Mwisho wa mashariki ndiko kwenye ngazi kuu na rampu. Mwisho wa magharibi kuna ngazi nyembamba ya zege inayoshukia nje, nyuma ya jengo.

Sasa hiyo ngazi ya nyuma ina geti la nondo na kufuli. Ufunguo anao mlinzi wa getini, zamu nyingine anao msimamizi wa usiku, inategemea. Sababu kila mtu anayefanya kazi hospitali anaijua: watu wakishapata nafuu wanatoroka na bili. Mmoja alishuka hapo na kanula (sindano ya dripu) bado iko mkononi na shuka zetu mbili juu. Ndipo kufuli likaja.

Usiku tunakuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja kwa wodi zote mbili. Zikijaa wanafika thelathini na kitu. Upande wa wanaume nina vijana wa bodaboda waliovunjika mapaja, wamening'inizwa kwenye traksheni (kamba ya kuvuta mguu ili mfupa unyooke) na mawe yao ya uzito. Vitanda vingi magurudumu yalishakufa.

Maswali yangu: mishale niielekeze wapi wakati mlango mmoja una kufuli? Na huyu wa traksheni nikishaambiwa "ondoka", naondoka naye vipi?

---

Sajenti_Mstaafu (Mikindani) alijibu:

Marahaba mwanangu. Kalamu za rangi ziweke kando kwanza.

Nimezima moto huku Kusini tangu ujana wangu. Maghala ya korosho (na ganda la korosho lina mafuta, likishika usiombe), maduka, nyumba za makuti. Na majengo niliyoyakagua ni mengi kuliko niliyoyazima. Ramani za hospitali nilizokuwa nazikuta ukutani nyingi zilinakiliwa kutoka hotelini: mshale kutoka chumbani hadi ngazini, kutoka ngazini hadi nje chini ya mti, kwisha. Mgeni wa hoteli ana miguu yake. Wewe una watu thelathini, nusu yao hawainuki kitandani, na mikono sita ya kuwabeba. Ukiwateremsha wote ngazi kuu kwa mpigo, wa kwanza atafika chini, na wa kumi moshi utakuwa umemfikia korido.

Wodini watu hawakimbilii nje. Wanahamia pembeni, ghorofa ileile, hadi upande wa pili wa mlango unaofunga. Mlango unafungwa, mnapumua, mnahesabu, ndipo mnaamua kama kuna haja ya kushuka. Duniani kote hospitali zinapangwa hivyo: jengo linakatwa vipande kwa kuta na milango ya kuhimili moto, nusu saa, saa nzima, inategemea, ili moto ukiwa kipande hiki wagonjwa wawe kipande kile.

Na wewe kipande unacho! Umekitaja kwa kukipitia tu. Ule mlango wa mabawa mawili wenye tofali. Hilo tofali ndilo adui yako namba moja kabla ya kufuli. Litoe leo. Kama wafanyakazi wanalalamika kuwa mlango unawabana wakisukuma toroli la dawa, mtafutieni fundi auwekee mkono wa kujifunga wenyewe, wasiwe na haja ya kuushika.

Sasa uukague. Funga mabawa yote mawili mchana, zima taa upande mmoja, washa upande wa pili. Unaona mwanga kwenye nyufa? Moshi utapita palepale. Ubao ukiwa mzito, kama mninga, na umekaa vizuri kwenye fremu, utakupa muda. Ukiwa ule mwepesi wenye uwazi ndani, usiutegemee.

Kisha hili, na ndilo watu wengi hawaliangalii: panda ngazi ya fundi pale juu ya mlango, funua kipande cha dari, mulika tochi. Ukuta umepanda mpaka kwenye zege au paa, au umeishia kwenye dari? Nimekuta kuta nyingi zinaishia kwenye dari. Chini unaona ukuta na mlango mzuri, juu ya dari ni uwanja, moshi unatembea kutoka wodi hadi wodi na kuwashukia wagonjwa ambao mlidhani mmewaokoa. Ukikuta hivyo, hiyo ni kazi ya matofali na saruji ya mchana mmoja, siyo ya mradi wa wafadhili.

Nakuuliza kabla sijaendelea: chini ya ngazi kuu pana nini?

---

Mchopa_wa_Liwale alijibu:

Mnazungusha maneno. Tatizo ni uongozi. Ufunguo wa geti apewe muuguzi wa zamu auweke mfukoni, kazi imekwisha.

---

Sajenti_Mstaafu alijibu:

Bwana Mchopa, muuguzi wa zamu saa nane usiku kashuka maabara na sampuli, mfuko umeondoka naye. Au kabadilisha koti. Au amempa mwenzake aliyekwenda kunywa chai. Tena moshi ukishakuwa mzito huoni tundu la kufuli hata ukiwa na ufunguo mkononi. Mlango wa dharura ni ule unaofunguka kwa mtu ambaye hajui lolote, gizani, kwa kusukuma.

---

Sista_Kusini alijibu:

Mzee, nimecheka halafu nimeacha. Chini ya ngazi kuu pana magodoro chakavu yanayosubiri kufutwa kwenye vitabu, maboksi matupu ya dripu, kitanda kibovu na dumu la mafuta ya jenereta. La mafuta nimeliona leo kwa sababu umeuliza.

---

Sajenti_Mstaafu alijibu:

Hapo ndipo moto wako utakapoanzia, na ngazi itakuwa dohani yake.

Godoro la sponji likiungua halitoi moshi wa kuni. Linatoa kaboni monoksaidi na hewa yenye sianidi. Mtu akivuta mara chache anaishiwa nguvu kabla hajaona mwali wowote. Wanaokufa kwenye moto wa majengo wengi wanauawa na moshi, na mgonjwa wa kulazwa ndiye wa kwanza kwa sababu hawezi hata kuinama.

Kule Kolkata, India, tarehe 9 Desemba 2011, hospitali ya AMRI iliungua alfajiri. Moto ulianzia chini ya jengo, mahali palipokusudiwa kuwa maegesho ya magari, wao wakapafanya stoo. Moshi ukapanda wodini. Walikufa watu zaidi ya 90, wengi wao wagonjwa waliokuwa vitandani, wamekosa hewa. Soma tena orodha yako ya chini ya ngazi.

Dumu liondoke leo, liende kwenye kibanda chake nje mbali na jengo. Magodoro: mwambie Katibu kwamba kuyafuta kwenye vitabu kunaweza kusubiri, ila kuyahamisha hakuhitaji saini ya mtu. Chini ya ngazi pabaki sakafu tupu. Pakiachwa wazi bila kujengewa ukuta patajaa tena, naujua mwenendo wa watu wetu, kwa hiyo pazibwe kabisa kwa tofali.

Na korido yako ina upana gani? Wamarekani kwenye hospitali mpya wanataka futi 8, kama mita 2.44, ili vitanda viwili vipishane. Ya kwako huenda ni nyembamba, sawa, lakini hata hiyo iliyopo msiiongezee benchi, makabati na mitungi ya oksijeni mitupu iliyopangwa ukutani.

---

Fundi_Vitasa (Masasi) alijibu:

Habari wadau. Dada, suala la geti nalifahamu kwa sababu nimefunga mengi, ya kufungia na ya kufungulia.

Kuna kitasa chenye nondo ya mlalo, inakaa usawa wa kiuno upande wa ndani. Ukiisukuma hata kwa tumbo huku umebeba mtu, mlango unafunguka. Nje hakina kishikio, kwa hiyo mwizi haingii. Unakikuta kwenye kumbi na maduka makubwa, Dar vinauzwa.

Sasa watoro wenu wa bili: juu ya fremu unabandika kengele ya sumaku ya betri. Mlango ukiachana na fremu kidogo tu inapiga kelele hadi kwa mlinzi. Mgonjwa anayetoroka anataka kuondoka kimyakimya, hapiti mlango unaopiga kelele. Kwa hiyo mmepata mlango wa dharura na mlinzi kwa pamoja.

Angalia pia geti linafunguka upande gani. Mengi yamewekwa kufungukia ndani. Watu wakisongamana wanalibana wenyewe. Liwe la kufungukia nje, na pale nje pasiwe na pikipiki ya mtumishi imeegeshwa.

Wakati mnasubiri pesa, ufunguo wa akiba uwekwe kwenye kisanduku chenye kioo chepesi, kando ya geti lenyewe, na kinyundo kimening'inia kwa mnyororo. Siyo suluhisho, ni la kusogezea siku.

---

Tabibu_Nachi alijibu:

Sista, la traksheni nikujibu mimi. Ni traksheni ya ngozi (iliyofungwa juu ya mguu) au ya msumari (uliopitishwa kwenye mfupa), haijalishi kwa dakika hizo: mawe yanaondolewa au kamba inakatwa. Weka mkasi mkubwa umefungwa kwenye kila kitanda cha traksheni, usiwe droo ya kituo cha wauguzi. Mto katikati ya miguu, mguu mbovu unafungwa na mguu mzima kwa bendeji au shuka, sehemu tatu. Kama kuna msumari uache ulipo. Ataumia, atapiga kelele. Paja litapangwa upya kesho.

Kisha godoro. Kwa kuwa vitanda havitembei, mgonjwa anashuka pamoja na godoro lake. Shuka mbili zinapitishwa chini ya godoro, moja usawa wa kifua na nyingine usawa wa magoti, zinafungwa fundo juu yake. Watu wawili wanateremsha godoro sakafuni, upande wa miguu kwanza, kisha mnaburuta kwa upande wa kichwa. Magodoro yenye ngozi ya rexin kwenye sakafu ya tarazo yanateleza vizuri kuliko unavyofikiria, hata muuguzi mwembamba anamvuta mtu mzima. Kwenye rampu ni kinyume: miguu inatangulia na mtu wa kichwani ndiye breki.

Jaribuni mchana, mgonjwa awe mwanafunzi wa uuguzi mwenye afya. Mkijaribu ndio mtajua kama godoro linapita mlangoni.

---

Mkunga_wa_Usiku alijibu:

Naomba niingie kwa upande wa watoto, maana kila kikao cha moto hospitalini wanaongelea vizimia moto na kumsahau mtoto njiti.

Senegal, mji wa Tivaouane, usiku wa tarehe 25 Mei 2022, watoto wachanga 11 walikufa kwenye moto wa chumba cha watoto. Walisema ni hitilafu ya umeme. Tangu nisome habari ile nimebadilisha mambo kwenye chumba chetu. Kila kitanda cha mtoto kina kanga imekunjwa chini ya godoro. Siyo ya kupendezesha. Muuguzi mmoja anajifunga watoto wawili kifuani, ngozi kwa ngozi, mikono inabaki huru kufungua milango. Na joto lake linawatosha huko nje, kwa sababu mtoto wa kilo moja na nusu ukimwokoa na moto ukamlaza kwenye nyasi usiku umemwua kwa baridi. Kitambulisho kiwe mguuni mwa mtoto, kisibandikwe kwenye kitanda.

Umeme: mashine za kupasha joto na za oksijeni zichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, halafu ndugu wanakuja kuchomeka chaja na hita ya kuchemshia maji ya kuoga mzazi, ndiyo ninayoitafuta kila nikiingia zamu. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, au imebadilika rangi kuwa kahawia, nazima na kuita fundi hata kama ni sikukuu.

Halafu oksijeni. Oksijeni yenyewe haiungui, inachochea. Hewa ya kawaida ina asilimia 21, ikipanda hata kidogo tu ndani ya chumba, shuka na nywele zinashika moto kwa cheche ambayo siku nyingine ingezima yenyewe. Baghdad tarehe 24 Aprili 2021 mitungi ililipuka kwenye hospitali ya wagonjwa wa korona, wakafa watu zaidi ya 80. Mitungi yetu isimame na minyororo, na fundi asithubutu kupaka grisi kwenye vali iliyokaza. Aliye zamu ajue vali ya kufungia oksijeni ya wodi nzima iko wapi, lakini asiifunge kabla hajaona nani anapumulia hiyo hewa.

---

Sista_Kusini alijibu:

Asanteni sana, mmenipa mengi. Nimepanda ngazi na tochi, fundi wetu akanishikia. Ukuta unaishia kwenye dari, Mzee, kama ulivyosema. Nimepiga picha, nimempelekea Katibu pamoja na ya dumu la mafuta. Dumu limeondoka jioni ileile. Tofali la mlangoni nimelificha, sitasema wapi.

Mawili yamebaki. Wodi ya wanaume ikiwaka nawahamishia wanawake? Matroni kakunja uso. Na kibao cha mahali pa kukusanyikia kiko nyuma ya jengo karibu na nyumba ya jenereta, chini ya mkorosho, upande wa kaskazini.

---

Sajenti_Mstaafu alijibu:

Matroni atakunjua. Moto hauna wodi ya wanaume. Shuka za kuwasitiri wagonjwa mnazo.

Mpangilio uwe hivi. Anayeona moto anafunga mlango wa chumba chenye moto, akishamtoa aliye ndani. Huo mlango mmoja kufungwa unakupa muda kuliko mitungi yote ya kuzimia iliyoko ukutani. Wa pili anapiga kengele na simu 114. Wanaoanza kuhama ni waliolala karibu na moto. Baada yao wanaotembea, wote kwa pamoja, wameshikana mabega na mhudumu mmoja mbele, kwa sababu hao ukiwapa amri moja wanakutolea njia. Wa godoro wanafuata. Na hao ndugu wanaolala kwenye mikeka koridoni, ambao hospitali inajifanya hawapo, ndio wavutaji wako wa magodoro. Waoneshwe kila jioni, maneno mawili tu. Daftari la wodi linaondoka na mtu, la sivyo utahesabu kwa kukisia.

Ukiwa upande wa magharibi na mlango wa kati umefungwa, ndipo ngazi ya nyuma inapokuwa na maana, na ndipo lile kufuli lingewaua. Kwa hiyo ramani zako ni mbili, siyo moja: ya moto wa mashariki na ya moto wa magharibi. Kila moja iwe na alama nene kwenye mlango wa kati. Itundike imegeuzwa vilevile msomaji alivyosimama, kulia kwake kuwe kulia kwenye karatasi.

Kibao kihame. Jenereta na mafuta yake hapo, gari letu litaegeshwa hapo, na majani makavu ya mkorosho ni kiberiti. Tena kusi ikivuma moshi wote utaelekea kaskazini juu ya wagonjwa wako. Tafuteni uwanja upande wa kusini au mashariki, wenye njia ya toroli, na wa pili wa akiba kwa msimu wa kaskazi.

La mwisho kwangu: waalike zimamoto waje kabla ya ukaguzi, na gari. Waunganishe mpira wao kwenye bomba lenu la maji ya kuzimia moto waone kama unaingia. Johannesburg tarehe 16 Aprili 2021, hospitali kubwa ya Charlotte Maxeke ilipowaka, zimamoto walikuta viunganishi vya mabomba haviendani na mipira yao. Wagonjwa karibu 700 walihamishwa, na walinusurika, lakini sehemu ya jengo iliungua. Na sisi kutoka mjini hadi kwako ni mwendo, mvua ikinyesha ni mwendo zaidi, usitusubiri.

---

Sista_Kusini alijibu:

Nimeelewa, Mzee. Zoezi tumepanga mchana, halafu la usiku na zamu halisi ya watu watatu. Kitasa cha nondo Katibu kakubali kukiingiza kwenye bajeti, kisanduku cha kioo kinawekwa sasa hivi. Kengele ya sumaku naye kaipenda, ila kauliza kwa maandishi: betri zake zitakuwa zinanunuliwa na idara gani?

---

Fundi_Vitasa alijibu:

Ni zile ndogo za rimoti. Mwambie aanze na zilizoko kwenye rimoti ya TV ya ofisini kwake.